Shirika la Nyumba Lielezwe Kazi Yake

Katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, upande wa Wilaya ya Kasulu, iko sehemu iitwayo Kagerankanda. Wengi wa wasomaji wetu wa Unguja na Pemba hawajapata kufika huko, wala hapana lawama, maana hata Dar es Salaam wanaoijua ni wachache. Ni nchi ya Waha, nchi ya maharage na mahindi na mihogo, yenye udongo mwekundu unaokubali kufyatuliwa tofali. Tumeianzia tahariri yetu huko kwa makusudi. Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo ndilo tunalotaka kulizungumza leo, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1962, na tangu siku hiyo limelichukua neno “Taifa” katika jina lake. Chombo chenye jina la namna hiyo hakipimwi kwa kutazamwa kutoka madirisha ya makao yake makuu. Hupimwa kwa kutazamwa kutoka mahali ambapo barabara inakaribia kwisha.

Na ukilitazama kutoka Kagerankanda hulioni. Mwalimu anayepelekwa kufundisha kijijini katika wilaya hizo za Kasulu na Kibondo, akikuta nyumba za shule hazitoshi, hupanga chumba kwa mkulima. Muuguzi hufanya vivyo hivyo. Mkulima mwenyewe amejijengea kwa mikono yake na ya jirani zake. Ni kweli kwamba Shirika limepata kufika mkoani Kigoma na kujenga nyumba hapo Mlole, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji. Lakini Mlole ni mjini, na nyumba za namna ile humngoja mtu mwenye fedha mkononi au mwenye mshahara ambao benki inauamini. Hatusemi haya kwa kulikejeli Shirika. Twasema ili tulifikie swali ambalo, kwa maoni yetu, ndilo chimbuko la karibu matatizo yote ya uongozi wa chombo hicho: kazi yake hasa ni ipi, na ile sehemu ya kazi isiyoleta faida hulipiwa na nani?

Msomaji wa visiwani aweza kusema kwamba hayo si yake. Kweli, ardhi na nyumba si mambo ya Muungano, na Shirika la Nyumba la Taifa halina mlango wala ufunguo Zanzibar. Lakini Serikali ya Mapinduzi nayo imeunda Shirika la Nyumba la Zanzibar kwa sheria ya mwaka 2014, na mikononi mwake yamewekwa majumba ya maendeleo ambayo ujenzi wake ulianza katika siku za Mzee Abeid Amani Karume. Shirika la Bara limemtangulia mwenzake kwa zaidi ya miaka 50. Katika muda huo limekwisha kuonja karibu kila jambo ambalo chombo cha nyumba chaweza kuonjeshwa: kuvunja na kujenga, kutaifisha na kurithi, kugandishiwa kodi ya pango, kugeuzwa mfanyabiashara, kukopa, kusimamishwa, na kuanza tena. Mkubwa amekwisha kulipa ada ya shule. Ingekuwa ajabu mdogo naye akailipa upya.

Turudi nyuma kidogo. Shirika lilipoanza, kazi yake ilieleweka hata kwa mtoto. Serikali ya uhuru ilitaka kuviondoa vibanda vibovu vilivyosongamana mijini, na mahali pake kuweka nyumba imara ambazo mfanyakazi wa kima cha chini angeweza kuzilipia kidogo kidogo. Mitaa ya Dar es Salaam kama Magomeni iliuona mpango huo kwa macho. Nia ilikuwa njema, lakini hesabu yake ilikuwa na kasoro: kila nyumba moja iliyojengwa ilisimama mahali pa nyumba iliyovunjwa, kwa hiyo jasho lilikuwa jingi na idadi ya vyumba haikukimbizana na wingi wa watu waliokuwa wakihamia mjini. Serikali yenyewe ililiona hilo, na katika miaka ya 1970 ikageukia mpango wa viwanja na huduma, ambao ndio uliozaa sehemu kama Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Dola ikapima, ikachonga barabara, ikaleta maji, mwananchi akajenga.

Wakati huo huo likaja jambo la pili, kubwa zaidi. Mwezi Aprili 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majumba ya kupangisha ambayo thamani yake ilizidi shilingi 100,000, na majumba hayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Wakati ule jambo hilo lilikuwa na mantiki isiyofichika. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limekwisha kumkataza kiongozi kumiliki nyumba ya kupangisha, kwa hoja kwamba mtu hawezi kuwatetea wapangaji asubuhi na jioni akaenda kuwadai kodi. Kwa hatua ya 1971 dola yenyewe ikawa ndiyo mwenye nyumba. Hapo ndipo penye fundo ambalo hadi leo halijafunguliwa vizuri, kwa sababu dola ilichukua majumba lakini haikuchukua na tabia ya mwenye nyumba mwema, ambaye kila mvua inapopita hupanda darini kutazama.

Kodi za pango ziliwekwa chini, na sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 ikazidi kuzifunga, katika miaka ile ile ambayo bei ya saruji, mabomba na rangi ilikuwa ikipanda bila kizuizi. Mpangaji alifurahi, na ilimpasa kufurahi. Lakini mapaa ya zege yalianza kuvuja, mabomba ya maji machafu yakapasuka ndani ya kuta, ngazi zikakatika kingo. Likaingia na soko la gizani. Mpangaji aliyeandikwa katika daftari alihama, akamwachia chumba mtu mwingine kwa kilemba kinono, akaendelea kulilipa Shirika kiasi kile kile kidogo huku yeye akipokea mara nyingi zaidi ya hicho. Huyo aliyemo ndani hajulikani kwa Shirika. Shirika halijulikani kwake. Faida ya kodi nafuu, iliyokusudiwa kumfikia mnyonge, ikatuama mfukoni mwa dalali. Wasomaji wetu wa Mjini hawahitaji kuelezwa zaidi jinsi mchezo huo unavyochezwa.

Mwaka 1990 ofisi ya Msajili wa Majumba iliunganishwa na Shirika. Mwaka uliofuata, 1991, Halmashauri Kuu ya Chama Cha Mapinduzi ilikutana hapa Zanzibar na kuyalegeza masharti ya uongozi, hata kiongozi akaruhusiwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Hatutaki kuufufua mjadala wa uamuzi huo. Umekwisha kusemwa sana. Tunachotaka kionekane ni kwamba tangu miaka hiyo Shirika limekuwa na mwili mmoja na nafsi mbili. Nafsi moja ni ya 1962, inayosema nyumba ni haki ya mtu wa chini. Nafsi ya pili ni ya mfanyabiashara, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2005 yaliipa nguvu kwa kulitaka Shirika lijiendeshe kibiashara. Kila Mkurugenzi Mkuu anayeketi katika kiti kile huamrishwa na nafsi zote mbili kwa siku moja. Asubuhi huulizwa kwa nini nyumba zake ni ghali. Mchana huulizwa kwa nini faida yake ni ndogo. Jioni, ofisi ya umma iliyopanga jengo lake humwambia asubiri, bajeti haijatoka.

Na hapo kwenye ofisi za umma hatuna budi kukaa kidogo, kwa sababu ndipo palipo na uchungu. Madeni ya kodi ya pango ni ugonjwa wa zamani wa Shirika. Watu wengi hudhani wadaiwa ni wajane na wastaafu wa vyumba viwili. Wamo, ndiyo. Lakini wamo pia wizara, idara na mashirika ya umma, watu ambao mshahara wao na umeme wao na mafuta ya magari yao hulipwa kwa wakati. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alizungumza hadharani juu ya wadaiwa wa namna hiyo, akaliagiza Shirika kuwatoa wapangaji wasiolipa bila kujali ukubwa wa ofisi. Baada ya agizo kama hilo wapo waliolipa, na hilo ni la kusifiwa. Lakini deni la ofisi ya Serikali halipaswi kungoja sauti ya Rais ndipo lilipwe. Kodi ya pango ni matumizi ya kawaida kama karatasi na wino. Afisa anayepanga bajeti ya idara yake bila kuiweka kodi ya jengo analolikalia, huku akijua mwenye jengo hawezi kumfungia mlango, anakopa bila kuomba. Katika lugha ya vijiweni jambo hilo lina jina kali zaidi, nasi tunaliacha huko huko vijiweni.

Tazama mzunguko wake. Wizara haikulipa. Shirika halikupata fedha za kuziba paa. Mpangaji mdogo wa ghorofa ya juu anayelowa analalamika, halafu naye anaacha kulipa, akisema hawezi kulipia mvua. Shirika linampelekea dalali wa mahakama, maana yeye anatolewa kwa urahisi. Vitanda vyake viko barabarani, na wapiga picha wako hapo. Wizara iko ndani.

Katika visiwa hivi tunayo elimu ya zamani juu ya jambo hili, ambayo maofisa wetu wa nyumba wangefanya vema kuikumbuka. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu. Mwenye kuweka wakfu hutaja watakaofaidika, msikiti au madrasa au kizazi chake, na huwekwa msimamizi. Kanuni ambayo mwanachuoni yeyote wa Unguja atakueleza ni kwamba mapato ya wakfu hutumika kwanza kuitengeneza mali yenyewe isianguke, na kinachobaki ndicho kinachogawiwa. Kanuni hiyo haikutungwa na watu wakali. Ilitungwa na watu waliojua kwamba ukimgawia mnufaika mapato yote ya leo, kesho hatakuwa na cha kunufaika nacho. Palipoachwa kufuatwa, katika wakfu na katika nyumba za Serikali pia, Mji Mkongwe umeonyesha matokeo yake kwa magofu. Kuporomoka kwa sehemu ya Beit el Ajaib tarehe 25 Desemba 2020, jengo likiwa mikononi mwa mafundi, kulitukumbusha kwamba hata jengo lenye heshima kuliko yote halisubiri hadi tuwe tayari.

Sasa tulete kanuni hiyo katika nyumba za umma. Fedha ya matengenezo ya jengo itengwe kabla ya faida, kabla ya gawio kwa Hazina, kabla ya mradi mpya na hafla ya kuweka jiwe la msingi. Ikiwa kodi inayotozwa haitoshi kwa matengenezo, basi moja kati ya mambo mawili lazima lifanyike: ama kodi ipandishwe, ama aliyeamua kwamba isipandishwe atie mkono mfukoni. La tatu halipo. Hilo la tatu ambalo limekuwa likifanyika, yaani kuacha kodi chini na matengenezo yasifanyike, kwa hakika ni kulila jengo lenyewe, tofali baada ya tofali.

Wako waliokwisha kulijibu swali hili waziwazi. Singapore iliunda bodi yake ya nyumba mwaka 1960, miaka miwili tu kabla ya Shirika letu, ikiwa nayo mji wa vibanda. Leo watu wapatao wanane katika kila kumi huko wanakaa katika nyumba zilizojengwa na bodi hiyo. Watu huisifu kwa nidhamu, lakini husahau jambo moja: bodi ile haijidai kupata faida. Huuza nyumba kwa hasara, na hasara hiyo hufidiwa na Serikali kila mwaka kwa ruzuku inayoonekana katika vitabu. Jirani zetu wa Kenya nao, mwaka 2023, walianza kuwatoza wafanyakazi na waajiri asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba nafuu. Tozo hiyo ilipingwa mahakamani, ikatunguliwa, kisha ikarejeshwa kwa sheria mpya ya Machi 2024. Waweza kuipenda au kuichukia, na Wakenya wengi wanaichukia, lakini Mkenya anajua ni nani anayelipia. Anaiona katika hati yake ya mshahara. Kwetu sisi malipo hayo yamefichwa ndani ya kuta zinazopasuka.

Katika miaka ya 2010 Shirika la Bara lilijaribu kutoka katika mtego huo kwa njia ya biashara. Lilikopa, likanunua ardhi, likajenga mikoani nyumba za gharama nafuu na Dar es Salaam likaanzisha miradi mikubwa ya maghorofa kama Morocco Square na ule wa Kawe. Hoja ilikuwa kwamba faida ya maghorofa itasaidia nyumba za wadogo. Si hoja ya kubezwa. Lakini Shirika lilikuta kwamba huko wilayani linalazimika lenyewe kununua ardhi ya Halmashauri, kuchonga barabara, kuvuta maji na umeme, kisha juu yake ikaongezwa kodi ya ongezeko la thamani, na vyote hivyo vikaingia katika bei ya nyumba iliyoitwa nafuu. Shirika lililalamika mara nyingi, nasi twaona lilikuwa na haki. Huwezi kumtuma mtu sokoni na kumwagiza anunue rahisi, halafu ukasimama mlangoni ukamtoza ushuru kila anapopita.

Kisha likaja pigo la uongozi. Bodi ya Shirika ilivunjwa mwishoni mwa 2017, na Mkurugenzi Mkuu aliyekuwapo tangu 2010, Ndugu Nehemia Mchechu, akasimamishwa, akaondolewa mwaka 2018. Mwaka 2022 alirejeshwa katika kiti kile kile. Mwaka 2023 akateuliwa kuwa Msajili wa Hazina, naye akapokewa na mwingine. Hatuna nia ya kumpima mtu mmoja mmoja. Kuteua na kutengua ni mamlaka ya Rais. Lakini saruji haijui uteuzi. Ile miradi mikubwa ya Dar es Salaam ilisimama kwa miaka kadhaa, nondo zikaota kutu hadharani, na mkopo ambao jengo lake limesimama hauachi kuzaa riba. Kazi iliporejea, katika awamu ya Rais Samia Suluhu Hassan, ilibidi iendelezwe kwa bei mpya. Nyumba inayojengwa kwa miaka mitatu yahitaji uamuzi unaodumu miaka mitatu. Ikiwa mradi ni mbovu, usimamishwe kwa kuandikwa sababu na kwa mpango wa kuumaliza au kuuuza. Kuuacha umesimama tu, usiwe hai wala usiwe umekufa, ndiyo hasara ghali kuliko zote.

Mfano wa upande wa pili ni Magomeni Kota. Wakazi wa kota zile waliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010, wakahangaika kwa karibu muongo mzima, hadi Machi 2022 Rais Samia alipozizindua nyumba za kaya 644 zilizojengwa na Wakala wa Majengo. Watu walicheza ngoma, na walistahili. Pale Serikali haikujificha nyuma ya shirika: iliamua, ikalipa, ikajenga, na wakazi wakaahidiwa kukaa miaka mitano bila kodi ya pango. Swali letu ni dogo tu, la mtu mwenye kuchunguza mabomba: katika miaka hiyo ya bure, nani analipia lifti na pampu ya maji? Mkazi wa ghorofa ya tano wa Michenzani anajua kwa nini tunauliza. Majumba yale yalikuwa fahari ya Mapinduzi. Watu wa Ng'ambo waliobomolewa nyumba zao walipewa humo makao yenye choo cha ndani na umeme. Lakini maji yalipokosa nguvu ya kupanda, ndoo ilipanda badala yake, kichwani mwa mama na mtoto. Ngazi ni ya wote, paa ni la wote, na cha wote kisipoandikwa anayekilipia huwa si cha mtu.

Turudi sasa kule nyandani, tusije tukafanana na wale tunaowalaumu kwa kuitaja Kagerankanda mwanzoni na kuisahau baadaye. Je, Shirika lijenge maghorofa Kasulu vijijini? La. Hilo lingekuwa upotevu wa mali. Mwananchi wa Kigoma ameijua kazi ya kujenga. Alipohamishwa katika Operesheni ya vijiji mwanzoni mwa miaka ya 1970 alijenga upya kwa mikono yake, na amekuwa akijenga tangu hapo. Kinachomkwamisha ni mambo mengine.

La kwanza ni ardhi. Katika eneo la Kagerankanda wakulima walivutana kwa miaka mingi na wasimamizi wa hifadhi ya msitu wa Makere Kusini juu ya mpaka. Mtu asiyekuwa na hakika kama mwakani atakuwa bado yuko shambani mwake hawezi kujenga msingi wa mawe. Atajenga kibanda, na atakuwa na akili kufanya hivyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa njia ya kupata hati ya haki miliki ya kimila. Mpimaji mmoja mwenye pikipiki na mafuta atazaa nyumba bora nyingi Kasulu kuliko mkandarasi mmoja. Tunaamini hivyo bila kusita.

La pili ni tofali lenyewe. Tofali la kuchoma hula kuni, na kuni hutoka katika msitu ule ule unaogombaniwa, katika wilaya ambayo tangu 1996 imebeba pia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na mahitaji yake. Nchi hii ina Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, mrithi wa kitengo kilichoanza mwaka 1971, na umeeneza ujuzi wa tofali la kufungamana linaloshindiliwa kwa udongo na saruji kidogo, lisilohitaji tanuri. Shirika la Nyumba nalo liligawa mashine za tofali hizo kwa vikundi vya vijana katika wilaya mbalimbali nchini. Lilikuwa wazo zuri kuliko mengi yaliyopigiwa tarumbeta. Lakini mashine bila fundi wa kuitengeneza, na bila saruji kwa bei ambayo haijaongezewa safari ndefu ya lori, huishia kuwa chuma nyuma ya ofisi ya kata. Kazi ya namna hii, ya kufuatilia kidogo kidogo, haina utepe wa kukata, na labda ndiyo maana haipati mtu wa kuisimamia.

La tatu ni watumishi. Hapa ndipo Shirika lingeweza kufika kijijini kwa heshima zote. Halmashauri itoe ardhi bure, Hazina itoe dhamana, Shirika lijenge nyumba za walimu na wauguzi kwa gharama halisi, na kodi ikatwe katika mshahara kabla mshahara haujafika. Mpangaji wa namna hiyo hana njia ya kutolipa, tofauti na wizara. Tulikuwa na chombo kilichokusudiwa kuwakopesha wafanyakazi na wakulima kwa ajili ya nyumba, nacho ni Benki ya Nyumba iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kufungwa mwaka 1995, imelemewa na mikopo isiyorudishwa. Wapo wanaosema kifo chake kinathibitisha kwamba mtu wa chini hakopesheki. Sisi hatukubali. Mtu wa chini hukatwa. Mkubwa ndiye hubembelezwa.

Na tusisahau kwamba dola ilipokuwa na nyumba za watumishi wake, mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliuza nyingi kwa watumishi waliokuwamo. Waliokuwa ndani walifaidika. Waliokuja baadaye, wakiwamo wakubwa wa wilaya, walikuta hakuna pa kuingia, na Serikali ikaanza kupanga na kujenga tena ilichokuwa nacho. Wala halikuwa kosa la Shirika la Nyumba, maana nyumba zile hazikuwa zake, lakini ni somo juu ya mtu anayeuza jembe lake wakati wa njaa.

Serikali imekuwa ikitaja upungufu wa nyumba zipatazo milioni 3 nchini, na ongezeko la mahitaji ya nyumba 200,000 kila mwaka. Shirika la Bara, kwa juhudi zake zote za miaka zaidi ya 60, lina nyumba za kupangisha karibu 18,000. Kwa hesabu hiyo hakuna atakayetudanganya kwamba Shirika litaimaliza haja ya nchi kwa kujenga. Wananchi ndio watakaojenga, kama walivyofanya siku zote. Ndiyo maana Serikali ina wajibu wa kuliambia Shirika kwa maandishi: hizi ni nyumba zako za biashara, zitozwe kwa bei ya soko na zilete faida; na hizi ni nyumba za wasiojiweza, kodi yao ni hii, na pengo lao sisi Serikali tutalijaza kwa kiasi hiki kila mwaka. Hesabu mbili, vitabu viwili. Mkurugenzi atakayeshindwa hapo atakuwa ameshindwa kweli, wala hatapata pa kujificha. Na atakayefaulu hatasulubiwa kwa faida ndogo iliyotokana na huruma ambayo hakuiamua yeye.

Kwa Shirika la Nyumba la Zanzibar jambo ni jepesi zaidi, kwa sababu bado daftari ni changa. Lianze kwa kuhesabu nani hasa anaishi katika kila mlango wa Michenzani, Kilimani na Kikwajuni, na katika majumba ya maendeleo ya Pemba, si nani aliyeandikwa miaka 40 iliyopita. Wastaafu na wajane walio humo kihalali waachwe kwa amani na waandikwe upya kwa majina yao. Waliopangishwa na mpangaji wachukuliwe kuwa wapangaji wa Shirika moja kwa moja, ili kile wanachomlipa mtu wa kati kijenge paa. Taasisi za Serikali zinazokalia majengo ya Shirika zitajwe moja moja pamoja na deni la kila moja, na orodha hiyo ifike Baraza la Wawakilishi kabla ya kusomwa makadirio yajayo ya wizara inayohusika. Bara nako orodha kama hiyo ipelekwe Bungeni. Haitakuwa ndefu mno kuchapwa, na gazeti hili liko tayari kutoa ukurasa.